Kurt, gored gored au kitfo: nyama mbichi ya Ethiopia, na ipi ikufae

Ukiingia siga bet ya Addis Ababa, yaani bucha lenye meza, viti na mzani, ukasema unataka nyama mbichi, utaulizwa: ipi? Ziko tatu kuu. Kurt ni pande zima unalojikatia mwenyewe kwa kisu. Gored gored ni vipande vya mraba vilivyochanganywa na samli na pilipili. Kitfo ni nyama iliyokatwakatwa mpaka ikawa laini kama uji mzito, ikatiwa samli ya viungo. Wageni wengi huchagua kwa ushujaa: anayejiona jasiri huagiza kurt, mwoga huagiza kitfo "iliyopashwa kidogo". Hicho ndicho kipimo kibaya kuliko vyote, na sababu itaonekana mbele.

Watu wengi wa kale walikula nyama mbichi katika ibada. Wagiriki walikuwa na neno lake, omofagia, katika ibada za Dionysus, mungu wao wa mvinyo, na jiwe moja la Miletus lenye maandishi ya karne ya 3 kabla ya Kristo limeweka kanuni kuhusu nyama hiyo mbichi ya ibada. Ibada zile zimekwisha. Ethiopia meza bado imewekwa, na bado inafuata kalenda ya kanisa na ya ukoo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vyakula vyenyewe, tuanze na siku.

Siku ya kula, na bucha la kuingia

Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo hawali nyama wala maziwa Jumatano na Ijumaa, isipokuwa siku 50 zinazofuata Pasaka. Kwaresima yao ni siku 55. Ukifika Addis Ababa katikati ya Kwaresima ukiwa na hamu ya kurt, utakuta mabucha mengi ya Wakristo yamefungwa. Siku nyingine za mwaka, Jumanne, Alhamisi na mwisho wa wiki ndizo nyama hutoka haraka, na nyama inayotoka haraka ndiyo unayoitaka.

Sikukuu mbili ndizo kilele. Fasika, yaani Pasaka, ni siku mfungo unapovunjwa. Meskel, Kupatikana kwa Msalaba wa Kweli, huangukia tarehe 27 Septemba, na mara moja katika kila miaka 4 huwa tarehe 28. Kwa Wagurage wa kusini-magharibi mwa Addis Ababa, Meskel ndiyo siku ya kurudi nyumbani, na kitfo ndicho chakula chake. Sikukuu kama hizi majirani huchanga fedha, wakanunua dume na kulichinja kwa mtindo uitwao kircha: kila sehemu ya mnyama hugawanywa mafungu sawa, kila fungu likapata kidogo cha paja, kidogo cha nundu, kidogo cha ini, kisha hupigwa kura nani achukue fungu lipi. Ukialikwa nyumba iliyopata fungu la kircha, suala la kuchagua limekwisha, utakula walichopata. Na ni bahati, kwa sababu ng'ombe huyo walimchagua wenyewe akiwa mzima.

Jambo la pili ni dini ya bucha. Ethiopia nyama ina upande: Mkristo hula iliyochinjwa na Mkristo, Mwislamu iliyochinjwa na Mwislamu, na mabucha ni tofauti. Msomaji Mwislamu asidhani kitfo si yake. Waislamu wako wengi miongoni mwa Wagurage na jirani zao Wasilte, nao wanaila. Uliza tu bucha la Waislamu tangu mwanzo, maana si adabu kuuliza ukiwa umeshaketi mbele ya sahani.

Kurt: unachokiona ndicho unachokula

Kurt ina maana ya kitu kilichokatwa. Nyama ikiwa ya kuchinjwa siku ileile huitwa pia brundo. Ng'ombe huchinjwa usiku au alfajiri, na mchana mapande yananing'inia kwenye kulabu mbele ya mlango. Hapo unasimama na kuonyesha kwa kidole. Shagna ni nundu, yenye mafuta mengi meupe yaliyopita katikati ya nyama. Shint ni ya kiunoni, laini na nyekundu, karibu na sarara. Anayeanza achukue shint. Shagna ni tamu, lakini mafuta mabichi yakipoa huganda mdomoni, na asiyezoea hutafuna kipande kimoja dakika tatu bila kujua akimeze au akiteme.

Kipimo ni robo kilo kwa mtu aliyezoea. Mgeni, gramu 150 zinamtosha. Muuzaji huondoa utando wa nje, anapima, analeta pande kwenye sahani pamoja na kisu kirefu kikali na injera, mkate laini bapa wa unga wa teff uliochachushwa. Kando yake kuna vichovyo vitatu. Mitmita ni unga wa pilipili kichaa uliosagwa na chumvi, korerima (iliki ya Ethiopia, ganda lake kubwa na la kahawia) na pengine karafuu. Awaze ni rojo la berbere, yaani unga wa pilipili nyekundu na viungo, lililolainishwa kwa maji, kwa tej, ambayo ni pombe ya asali kama wanzuki, au kwa araki, pombe kali ya kukenekwa. Senafich ni haradali iliyosagwa, hupanda puani mara moja.

Namna ya kukata ndiyo humtofautisha mgeni. Shika pande kwa mkono wa kushoto, tafuta nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzipinga, ukanda mwembamba kama unene wa kidole kidogo. Ukikata kwa kuzifuata utapata kamba isiyotafunika. Chovya ncha tu, si ukanda mzima, mitmita ikizidi ulimi hufa ganzi na husikii tena ladha ya nyama. Wakongwe wengine hushika ukanda kwa meno na kukata kwa kisu kutoka chini kwenda juu, inchi moja mbele ya pua. Hilo liache kwao.

Mila hii ni ya zamani na iliwahi kumharibia mtu jina. James Bruce, Mskoti aliyefika Gondar, mji mkuu wa Ethiopia wa wakati huo, mwaka 1770, aliporudi na kuandika kwamba ameona karamu za nyama mbichi, wengi London walimwona mwongo. Alizidisha chumvi mahali fulani labda, lakini nyama yenyewe haikuwa uongo: karamu za wafalme, zilizoitwa geber, ziliendelea mpaka enzi za Menelik II na baada yake, watumishi wakipita na mapande yaliyoning'inizwa kwenye miti, kila mgeni akijikatia.

Sifa kubwa ya kurt ni kwamba haina pa kujificha. Rangi, harufu, mafuta, utando, vyote viko mbele yako. Nyama nzuri ni nyekundu iliyokolea, kavu kwa juu, ikiguswa hurudi. Ikiwa na utelezi, ukijani pembeni, au imekaa kwenye kimiminika chekundu, nyanyuka. Na kuna njia ya katikati ambayo wenyeji wenyewe huipenda: agiza nusu ibaki mbichi, nusu ikakaangwe iwe tibs, vitunguu na pilipili, kutoka pande lilelile. Mtu anayekula na marafiki wasiokubaliana hana uamuzi bora kuliko huu.

Gored gored: ya katikati, na ndiyo ngumu kupatia

Hapa nyama hukatwa vipande vya sentimita 2 hivi, ikachanganywa na awaze na samli vuguvugu, ikaletwa mara moja juu ya injera. Haikai kwenye viungo ikanywea. Kwa nusu kilo ya nyama hutosha vijiko vikubwa 2 vya awaze na vijiko vikubwa 3 vya samli. Chumvi hutiwa mwisho kabisa. Ikitangulia huvuta maji ya nyama, na baada ya dakika kumi unakuta dimbwi jekundu chini ya sahani na vipande vikavu juu.

Inavutia kwa sababu ina harufu ya kitfo na utafunaji wa kurt. Tatizo ni kwamba inahitaji nyama bora kuliko zote mbili. Kwenye kurt ulichagua pande mwenyewe na kisu unacho, ukikuta mshipa unaukata na kuuweka kando. Kwenye kitfo mpishi ameshaondoa mishipa, au ameikata mpaka haisikiki. Kwenye gored gored kipande kinafika mdomoni kizima, na utando mmoja mweupe uliosahauliwa unaharibu tonge. Jikoni pasipo na mkono mzuri, hiki ndicho cha kuruka. Kwenye migahawa ya Kiethiopia ya Nairobi, Dubai au Washington, ambako huoni nyama kabla haijakatwa, tungeipa kura ya mwisho.

Kitfo: kazi yote ni ya mpishi

Jina linatokana na kitenzi cha kukatakata. Nyama inayofaa ni ya paja au sarara, isiyo na mafuta hata kidogo, maana mafuta yatatoka kwenye samli. Mpishi stadi huikwangua kwa kisu kipana: nyama laini inabaki kwenye kisu, mishipa inabaki ubaoni. Kisha anaikatakata mpaka inashikana. Mashine ya kusagia inafanya kazi haraka lakini inaiponda na kuipasha moto, na mishipa ikijizungusha kwenye kisu chake nyama hutoka kama ubandiko wa kijivu.

Kinachofanya kitfo iwe kitfo ni niter kibbeh, samli iliyochemshwa taratibu na korerima, uwatu, manjano, vitunguu, na majani makavu ya koseret yenye harufu inayokaribia ya mrehani iliyochanganyika na limau. Kwa nusu kilo ya nyama, watu watatu: gramu 60 za samli, vijiko vidogo 2 vya mitmita, robo kijiko kidogo cha korerima. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwa kuwa mitmita tayari inayo.

Joto la samli ndipo wengi huanguka. Mitmita hutiwa kwenye samli kwanza ili ifunguke, halafu samli ipoe mpaka kidole kinavumilia bila shida. Ikiwa ya moto mno nyama inageuka kijivu pembeni, unapata kitu kisicho kibichi wala kilichoiva. Ikiwa nyama imetoka tu kwenye friji na bakuli ni la baridi, samli inaganda humo humo: utaona chembe nyeupe kama chenga za mchele, na zikifika mdomoni zinabandika kwenye kaakaa na hazitoki kwa maji, mpaka unywe kitu cha moto. Dawa ni kupasha bakuli, si kuiacha nyama mezani ipate joto.

Kitfo huja na ayib, jibini nyeupe laini isiyo na chumvi nyingi, na gomen, mboga zisizo mbali na sukuma wiki, zimekatwa ndogo sana. Wagurage hawaili kwa injera, wanaila kwa kocho, mkate mwembamba mgumu unaotokana na ensete, mmea wa jamii ya mgomba ambao haliwi tunda lake bali shina na kiazi, vikivundikwa ardhini kwa miezi. Kocho ina uchachu na ugumu unaokata mafuta. Ukipewa uchaguzi kati ya injera na kocho, chukua kocho. Injera hunyonya samli na katikati ya mlo inakatika mkononi.

Leb leb, na kwa nini si kinga

Kitfo huagizwa kwa hatua tatu: tere, mbichi, leb leb, iliyopashwa kwenye kikaango nusu dakika au zaidi kidogo, na yebesele, iliyoiva. Leb leb ni tamu, wengine tunaona ndiyo tamu kuliko zote, samli inaenea na harufu inafunguka. Lakini anayeiagiza akidhani amepunguza hatari amejidanganya. Nyama ya kusaga hupata usalama ikifika nyuzi joto 71 mpaka ndani. Leb leb huwa vuguvugu tu. Vijidudu havikufa, vimepashwa.

Sasa linganisha zote tatu kwa hatari zake. Bakteria kama Salmonella na aina mbaya za E. coli hukaa hasa juu ya nyama, pale ilipoguswa na ngozi, kinyesi, mikono na visu. Pande zima la kurt lina uso mdogo, na muuzaji ameondoa tabaka la nje. Gored gored imekatwa mara nyingi zaidi, na kila mkato unahamisha kilichokuwa nje. Kitfo imekuwa nje tupu: kilichokuwa juu sasa kiko kila mahali. Kwa hesabu hiyo kurt ndiyo yenye hatari ndogo na kitfo kubwa, kinyume kabisa cha anavyodhani mgeni.

Tegu, mnyoo bapa wa utumboni, ni hesabu nyingine. Huyu hakai juu, vifuko vyake viko ndani ya msuli, kwa hiyo kukata, kukwangua na kuondoa tabaka la nje havimgusi. Mkaguzi wa nyama machinjioni hupasua misuli ya taya, moyo na ulimi kuvitafuta, lakini vikiwa vichache humpita. Hapa tofauti ni moja: kifuko kina ukubwa unaoonekana, tangu punje ya mtama hadi ya mahindi, cheupe, na ukikata kurt kanda nyembamba kwenye mwanga wa kutosha unaweza kukiona. Kwenye kitfo kimeshasagwa. Pilipili haikiui, tej haikiui, na araki pia haikiui, hata iwe kali vipi.

Aliyempata huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuona dalili, nazo ni vipande bapa vyeupe kwenye choo au kwenye nguo ya ndani, vinavyojongea. Tegu wa ng'ombe hufika mita kadhaa, lakini hapandi ubongoni kama wa nguruwe awezavyo kufanya. Waethiopia wa zamani walikunywa maua ya kosso, mti wa milimani ambao huota pia Mlima Kenya na Kilimanjaro, na kosso ikizidi huharibu macho. Siku hizi hospitali hutoa prazikwanteli dozi moja, au niklosamidi, na mambo huisha. Ugumu uko kwenye kimeta, kifua kikuu cha ng'ombe na bruselosi, ambavyo havimalizwi kwa kidonge kimoja. Ndiyo maana mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyechinjwa kwa dharura bila kukaguliwa, haliwi mbichi kwa namna yoyote.

Basi uchague ipi

Uko Ethiopia, bucha lina watu wengi, nyama imening'inia mbele yako na umeiona ikikatwa: kurt, kutoka shint, na nusu ifanywe tibs kama una wenzako. Uko kwenye mgahawa wa Wagurage unaojulikana kwa kitfo na hauuzi vingi vingine: kitfo tere, na kocho. Uko mgahawa wa kawaida nje ya Ethiopia: kitfo yebesele, bila aibu yoyote, harufu ya koseret na mitmita ipo palepale. Gored gored ibaki kwa nyumba unayoijua mpishi wake.

Mjamzito, mtoto mdogo, mzee dhaifu na mwenye kinga iliyoshuka hawana cha kuchagua hapo, wachukue iliyoiva. Na mwenyeji akikunyooshea tonge la gursha, lile la kulishana kwa mkono, ukalikataa, atahuzunika. Sema mapema kwamba daktari amekukataza nyama mbichi, wakati maji ya kunawa yanapitishwa, si tonge likiwa limefika mdomoni.

Ukitaka kuitengeneza nyumbani

Bucha letu la kawaida, Kariakoo au Kongowea, halikuandaliwa kwa nyama ya kuliwa mbichi: gogo moja linakata paja, utumbo na kichwa, kwa panga moja. Nyama iliyokwisha kusagwa dukani usiiguse kabisa kwa kazi hii. Nunua pande zima la paja au sarara lenye muhuri wa mkaguzi, kilo moja hata kama unahitaji nusu, kwa sababu utapoteza. Liweke kwenye friza lenye nyuzi 18 chini ya sifuri siku 14, huo ndio mwisho wa tegu. Si mwisho wa bakteria, wao huganda tu na kuamka. Liyeyushe ndani ya friji usiku mzima, si kwenye sinki. Kwa ubao na kisu vilivyooshwa kwa maji ya moto, ondoa sentimita moja kila upande, na mabaki hayo yakapikwe. Badilisha ubao na kisu, ndipo ukate kitfo, na iliwe ndani ya saa moja.

Hata ukifanya hayo yote bado umepunguza hatari, hujaiondoa. Kitakachobaki kwenye bakuli kisirudi kwenye friji kikiwa kibichi: kikaangie palepale na kitunguu, samli yake inatosha bila mafuta mengine, ukile na injera iliyobaki.